Mapanga Matatu Nyuma ya Jiko Letu

Nakivale, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Parfait,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hapa tuko wazima, ukimtoa yule ambaye si mzima. Mwanangu Divine yuko likizo, amekuwa mrefu kunipita na anajibu kwa kiburi. Vanessa aliumwa malaria wiki mbili, sasa amepona na anakula chakula cha watu wawili. Mvua imenyesha vizuri, maharage yamebeba. Barua hii anakuletea Mama Doriane, ambaye huja Mbarara kila Alhamisi kununua vitenge. Ukitaka kunijibu mpe yeye, tena mpe karatasi, usimpe maneno ya mdomoni.

Utajiuliza kwa nini mimi dada yako naandika wakati simu ninayo. Simu ninayo, ina chaji na ina bando. Nisichokitaka ni sauti yako. Jumbe kumi na moja za sauti ulizonitumia nimezifuta bila kuzifungua. Sauti hiyo, kwa vile vipindi vyako vya podikasti, imekaa nyumbani kwangu tangu Januari, imekula nasi, imelala nasi, na mume wangu Kalume anaifungulia shambani kabla hata ya kunisalimia. Nimeshiba nayo.

Ulikuja hospitali mara moja, ukasimama mlangoni mwa wodi. Mume wangu alikuomba umwekee mikono kichwani umpe baraka ya ukuhani. Ukasema bosi wako anakusubiri. Hukuuliza ilikuwaje, basi nitakueleza bila kuulizwa.

Unakumbuka kile kipindi chako cha Januari, cha wale watu wa maandiko yetu waliokuwa wameua wengi, wakatubu, wakazika silaha zao ardhini, na maadui walipokuja wakalala chini wakauawa bila kuinua mkono. Mwishoni ulisema hivi, nakumbuka kila neno maana Kalume alikirudia mara kumi na nne: "Roho ameniambia kuna mwanamume Nakivale ananisikiliza sasa hivi, na panga lake liko nyuma ya mlango. Alizike kabla ya Jumapili." Parfait, mwanamume gani Nakivale hana panga nyuma ya mlango? Walilia watatu, kila mmoja akiamini ni yeye. Kalume, na ndugu zetu wa kanisani Déo na Cassien. Jumamosi ile wakachimba shimo nyuma ya jiko letu, wakayalaza mapanga matatu ndani ya gunia, wakaomba, wakafukia. Sisi wake zao tulisimama pale na masufuria mikononi tukijiuliza kuni tutakatia nini.

Sasa Aimable, jirani yetu wa upande wa chini. Tangu viwanja vyetu vipunguzwe ili wakimbizi wapya wanaotoka kituo cha mapokezi cha Kabazana wapate pa kulima, anadai hatua nne za shamba letu ni zake. Zamani alikuwa anapiga kelele tu, kwa kuwa alimjua Kalume na hasira zake. Alipoona Kalume anavunja matawi kwa mikono na kwa magoti, akaelewa kwamba nyumba hii haina panga tena. Tarehe 18 Machi, saa nne asubuhi, akaja na lake.

Kalume alimwona akija. Hakukimbia. Alipiga magoti katikati ya maharage, akainua mkono wa kulia juu kama wanavyouinua wakati wa kubatiza, akaanza kuomba kwa sauti. Aimable akasimama. Mdogo wangu, alisimama kweli, nusu dakika nzima, nami nikafikiri inatokea kama ulivyosimulia, atalitupa panga na kulia. Kisha akaukata ule mkono. Uliangukia kwenye majani, vidole vikaendelea kujikunja. Pigo la pili lilipasua bega. La tatu lilichukua ngozi ya kichwa na kipande cha sikio. La nne halikufika, kwa sababu mimi sikuzika jembe langu. Nilimpiga Aimable chini ya shingo, mfupa ukavunjika nikausikia, nikampiga tena akiwa chini, na ningeendelea kama Déo hangenishika kiuno.

Askari alipokuja aliniuliza: "Mama, huyu mtu alikatwa, na panga yake iko wapi?" Nikamwambia imezikwa. Akamtazama mwenzake. "Imezikwa? Sasa nyinyi mlificha ushahidi. Nyinyi mlipigana, wote wawili." Nikamweleza habari za kuzika silaha na maandiko na kipindi chako. Aliandika mistari miwili tu.

Nina swali moja na sitaki mahubiri. Roho alikuambia, au hakukuambia? Kama alikuambia, basi mimi ndiye niliyetenda dhambi na jembe langu, nitatubu, na panga litabaki ardhini hata Aimable akirudi. Kama hakukuambia, nitachimba. Jibu lake ni neno moja.

Yaya wako,
Pascaline


Mbarara, 22 Mei 2025

Yaya wangu mpendwa Pascaline,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Kalume, na kwa wanangu Divine na Vanessa. Mwambie Vanessa nimemwekea kado, zawadi yake. Mimi niko salama. Karakana ina kazi, tunachomelea mageti ya shule moja, na wiki iliyopita cheche iliniingia jichoni nikakaa siku mbili nimefungwa kitambaa. Nisamehe kwa kuchelewa. Mama Doriane aliniletea barua tarehe nane, alipopita tena tarehe kumi na tano sikuwa na cha kumpa. Nilikuwa nimeandika karatasi tatu na kuzichana.

Yaya, nimelia kwa barua yako. Nilijua mkono umekatwa, lakini vidole sikuvijua. Nimeviona usiku na mchana.

Unaniuliza swali la neno moja, lakini mambo ya Roho hayajibiwi hivyo. Roho haongei kama mtu anayepiga simu. Wakati mwingine ni joto kifuani, wakati mwingine ni wazo linalokataa kutoka. Mimi nakaa chumbani kwangu jioni, natundika blanketi mlangoni kuzuia kelele za pikipiki, nafungua simu na kuongea. Nikimaliza sijui kila neno limetoka wapi. Lakini matunda yake nayaona. Kuna mama huko Kyangwali alikuwa ameacha kanisa tangu mumewe azikwe, ameanza kurudi. Kuna kijana ameacha kunywa waragi. Kuna mzee hapa Mbarara anasema amesali kwa mara ya kwanza bila kukariri. Watu hawa wanafanya kazi za mikono kutwa nzima, podikasti ndiyo mahali pekee mtu anapozungumza nao habari za Mungu bila kuwauliza kwa nini hawakuja Jumapili.

Usikasirike kwa hili ninalokuambia. Jumapili iliyopita nilitoa kipindi kuhusu mkono wa shemeji. Sikutaja jina wala kijiji. Nilisema tu kwamba yuko mtu kati yetu aliyefanya kile ambacho wengine tunakisoma. Kimesikilizwa kuliko vyote nilivyowahi kutoa.

Aimable yuko ndani, na mambo ya mahakama huchukua muda. Kwa hiyo usiharakishe kuchimba. Niahidi hilo tu.

Na mkono wako wewe unaendeleaje? Ule uliokuwa umefungwa wakati wa Krismasi. Ulipona vizuri?

Mdogo wako,
Parfait


Nakivale, 15 Juni 2025

Parfait,

Salamu. Watoto wazima. Divine amerudi shule. Nimevuna maharage magunia mawili, yangekuwa matatu kama kipande kile kisingekanyagwa. Mama Doriane aliteguka mguu, ndiyo maana unapata barua hii kwa kuchelewa, si kwamba hasira zangu zimepoa.

Mkono wangu hauhusiani na habari hii. Nilianguka nikiwa nimebeba maji, nilikuambia wakati ule. Usiniulize tena.

Sasa sikia kipindi chako kimefanya nini. Watu wanakuja nyumbani kwangu kumwona Kalume. Hukutaja jina, asante sana, Nakivale nzima kuna watu wangapi waliokatwa mkono wakiwa wamepiga magoti? Wanakuja kutoka Juru, wanakuja kutoka Rubondo, wamevaa nguo za kanisani. Wanaomba wakiguse kisiki cha mkono wake. Mwanamke mmoja alikibusu. Kalume anakaa kwenye kiti mlangoni na kuwasimulia, na kila akisimulia Aimable anasimama muda mrefu zaidi kabla ya kukata. Mimi nawapikia.

Kanisani Jumapili viti nusu ni vitupu. Wengine wanakaa kwa Cassien na kispika, wanasikiliza vipindi vitatu mfululizo, wanasema huko wanamsikia Roho na kanisani wanasikia matangazo tu. Rais wetu wa tawi, yaani kiongozi wa kanisa letu hapa, Ndugu Ezira, alikuja kwangu akiwa amekasirika kweli. Aliniambia: "Dada Pascaline, ufunuo wa hili tawi hauwezi kupitia mu simu ya fundi wa mageti! Muambie kaka yako aniheshimu." Nikamwambia aje akuambie mwenyewe. Anasema ameshakuandikia mara mbili na hujibu. Kumbe si mimi peke yangu ninayenyimwa jibu.

Na mkate wa sakramenti. Unajua tunapokea kwa mkono wa kulia. Kalume sasa anapokea kwa kushoto, na watoto wa wengine wanamkodolea macho. Siku ya kwanza kipande kilimponyoka kikaanguka. Alikiokota chini akakila, kisha akalia kimya hadi mwisho wa ibada.

Nikuambie na hili, maana mimi si mwongo. Kuanzia lile shimo hadi siku aliyokatwa, Kalume alikuwa mtu mwingine. Aliosha vyombo. Alimsuka Vanessa nywele, zikawa mbaya, tukacheka. Aliniita Pasca, jina ambalo hakunitamkia tangu tuvuke kuja huku. Hata sasa ni mpole. Usiniulize kabla alikuwaje. Nasema tu kwamba ile ilikuwa miezi miwili ambayo nililala usingizi mzito, nami nilimshukuru Mungu, na wewe pia nilikushukuru, ingawa sikukuambia.

Lakini Aimable ametoka. Amedhaminiwa tangu tarehe mbili, kwa kuwa kesi yetu inaitwa ugomvi. Bega lake limepona limepinda. Kila asubuhi anakaa kwenye mpaka, anaketi juu ya jiwe na kunoa panga akinitazama. Juzi alimwambia Vanessa: "Baba yako alinipa mkono moya. Nitakuja kuchukua ule ingine."

Déo aliposikia hayo alikuja na jembe kuchimba panga lake. Cassien akasimama juu ya shimo kumzuia, akisema ni agano. Déo alimsukuma, Cassien akaokota jiwe na kumpiga nalo mdomoni. Walipigana pale nyuma ya jiko langu, ndugu wawili wa kanisa moja, wakishindania shimo la amani, hadi damu na meno mawili ya Déo yakaingia shimoni. Déo alilichukua lake. Yamebaki mawili.

Nimeshasimama pale na jembe mara tatu. Sijui kama unaelewa nina hasira ya namna gani. Nikipika naona shingo ya Aimable. Nikisali naiona. Kitu kinachonizuia ni kimoja tu, yale maneno yako kwamba Roho ndiye aliyesema. Naogopa kumpiga Mungu ngumi. Kwa hiyo nijibu: alisema au hakusema? Nakupa hadi mwisho wa Julai. Ukikaa kimya nitajua ni hapana.

Pascaline


Mbarara, 10 Julai 2025

(Juu ya bahasha: Yaya, soma peke yako.)

Yaya wangu,

Sikusalimu kwa mengi. Mimi si mzima.

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa kambi nyingine aliniandikia. Anasema kuna watu wawili wameapa kumuua kwa ajili ya mambo ya kule nyumbani, anawajua kwa sura, na amesikia kipindi cha mkono wa shemeji mara nyingi. Akasema: "Kaka Parfait, mimi pia sitakimbia. Wakikuja nitapiga magoti." Yaya, nilimwandikia neno moja: kimbia. Hajajibu hadi leo. Sijui kama ni mzima.

Nimefuta vipindi vyote viwili, cha panga na cha mkono. Lakini Mama Doriane anasema viko kwenye kadi za simu za watu na mtu hawezi kuvifuta. Karakanani mwenzangu alikifungulia hicho cha mkono akidhani atanifurahisha. Nilimwambia azime. Akacheka. Nilimpiga na kipande cha chuma mbavuni, mara mbili, mimi mwenyewe ninayefundisha watu upole. Bosi amenisimamisha kazi mwezi mmoja. Alistahili kunifukuza.

Jibu lako ni hapana.

Roho hakuniambia kitu. Sikusikia joto wala wazo. Nilikuja kwenu Krismasi, nikakuta mkono wako umefungwa, ukaniambia umeanguka na maji. Divine aliniambia ukweli jikoni, tukimenya ndizi. Alisema baba alikupiga kwa ubapa wa panga kwa sababu ulimjibu mbele ya wageni, na kwamba safari ya pili aligeuza panga upande wa makali, kisha akaacha. Divine aliniomba niongee naye. "Miaka kumi na tano anampiga mama, mjomba, na watu wote wanajua," ndivyo alivyosema mtoto wako.

Sikuweza kuongea naye. Unajua kwa nini. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, nina risasi mguuni, na Kalume alinibeba mgongoni siku mbili kutoka mji wa Baraka wakati wa vita, akipita juu ya maiti, akininyamazisha kwa kunipa kidole chake nikiume. Mtu aliyenibeba hivyo ningemwambiaje kwamba yeye ni mnyama? Nilirudi Mbarara. Nikaona ananisikiliza kuliko anavyomsikiliza rais wa tawi. Basi nikaitafuta hadithi inayomfaa, nikaisimulia vizuri, na mwishoni nikamtupia ile kauli ya panga nyuma ya mlango. Nilimtaja Roho kwa sababu nilijua jina langu halitoshi. Ilikuwa hila. Niliitega kwa ajili ya mtu mmoja, wakaingia wengi.

Nilitaka tu panga litoke kwenye nyumba yako. Sikumfikiria Aimable. Sikufikiria kwamba kuna mapanga mengine duniani zaidi ya lile lililokuumiza wewe.

Hospitali nilishindwa kumwekea mikono kwa sababu hiyo. Mikono yangu ilikuwa imeshamkata.

Sasa umejua, na huna cha kukuzuia. Nakuomba usichimbe. Sikuombi kwa jina la Mungu, nimeshalitumia vibaya. Nakuomba kama mdogo wako.

Parfait


Nakivale, 10 Agosti 2025

Mdogo wangu Parfait,

Salamu zako. Vanessa ameng'oka jino, Divine amekuwa wa nne darasani. Mahindi tumeyatoa yote. Barua yako niliipata mwisho wa Julai, Mama Doriane aliisahau kwenye mfuko wa vitenge.

Uliandika juu ya bahasha nisome peke yangu. Nilipoona maneno hayo nilikasirika. Mambo mengi mno nimeyabeba peke yangu katika nyumba hii. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, watoto nilikuwa nimewatuma kwa rafiki yangu Godeberthe, na Kalume alikuwa ameketi mlangoni akingoja wageni wake wa kisiki. Alisema: "Ni barua ya shemeki? Soma kwa nguvu nisikie." Nikasoma kwa nguvu. Nilipofika kwenye neno hapana nilitaka kuacha. Akasema endelea. Nilipofika kwenye mkono wangu nilimtazama na sikuacha tena, nilisoma kila kitu, ubapa, makali, maneno ya Divine, hadi jina lako chini.

Wageni wawili walifika, akawaambia warudi kwao, hakuna kitu cha kuona. Kisha akachukua jembe akaenda nyuma ya jiko. Kuchimba kwa mkono mmoja kunachukua muda, nami sikumsaidia. Nilisimama nikifikiri anachimba kwa ajili ya Aimable, au kwa ajili yangu. Nilishika mwiko wa ugali. Nacheka nikikumbuka, mwiko.

Alikuja na panga, limeliwa na kutu. Akaliweka miguuni pangu akapiga magoti, na safari hii hakuinua kitu juu. Alisema, na nakuandikia kama alivyosema: "Pasca, kama Roho hakusema, mambo yenyewe ni ya kweli. Mi nilikuwa naogopa Mungu, weye sikukuogopaka hata siku moya. Nilikuwa naomba batu bote banihurumie, weye sikukuomba kitu. Kata fasi unataka."

Parfait, niliokota. Sitakudanganya kwamba nilisita. Nilitafuta mahali pa kumkata kama mtu anavyotafuta mahali pa kupasulia kuni. Nikaligeuza ubapa nikampiga mgongoni. Nikamwambia, hii ni ya kule Uvira. Nikampiga tena, hii ni ya mimba iliyotoka. Hii ni ya siku ile mbele ya mama yangu. Hii ni ya Krismasi. Nilimpiga kwenye bega lile bovu hadi kidonda kikafunguka na damu ikaniingia mdomoni. Alilia kwa sauti kubwa, majirani wakasimama njiani, hakuna aliyeingia, kama ambavyo hawakuingia miaka yote nilipokuwa ninalia mimi. Hakuinua mkono aliobakiwa nao.

Kisha nikageuza makali na kuyaweka kwenye shingo yake. Yalikaa pale. Nilisikia mshipa wake ukipiga kwenye panga hadi kwenye kiganja changu. Sikuacha kwa sababu ya Roho, wala kwa sababu yako na barua yako. Niliacha kwa sababu ghafla sikuwa na hofu, na nilitaka awe hai aone nimeacha kumwogopa. Nikamwambia inuka, nenda ukaoshe damu.

Nimemwambia akalale kwa Cassien. Anakuja asubuhi kulima, anakula mchana na watoto, jioni anaondoka. Kama atarudi kulala hapa nitaamua mimi, na bado sijaamua. Ndugu Ezira nilimweleza yote. Aliniuliza kwa nini sikusema miaka yote hiyo. Nikamwambia hakuna aliyeuliza. Akaniomba msamaha, nami nimempa nusu.

Kalume amezima vipindi. Anasema anataka kukaa kimya aone kama kuna mtu mwingine anayeongea. Mimi nasali jioni. Sijui kama nasikiwa, lakini angalau maneno ni yangu.

Panga sikulizika tena. Kesho yake asubuhi nililinoa, kutu yote ikatoka, nikaenda mpakani kufyeka magugu. Aimable alikuwa juu ya jiwe lake. Alisimama na lake mkononi. Nilifyeka hadi kwenye mstari, hatua zote nne, nikamwambia: "Mi si Kalume. Mi sipigaki magoti." Alinitazama, akatazama panga, akatazama lile bega lake lililopinda. Kesi inasikilizwa Septemba, nitakwenda kusema ukweli wote, pamoja na jembe langu. Hadi leo hajavuka.

Yule kijana aliyekuandikia, mtafute. Usitume ujumbe. Panda gari uende ukamwone kwa macho, na ukimkuta hai umwambie uliyoniambia mimi. Na wale wengine wote waambie, kwa sauti ile ile uliyowadanganyia. Ukishafanya hivyo nipigie simu, nitapokea.

Lakini haya ya kwangu na Kalume siyo ya kipindi. Nikiyasikia kwenye simu ya mtu yeyote, hata bila jina, hata bila kijiji, nitapanda gari la Alhamisi pamoja na Mama Doriane nije hadi kwenye hicho chumba chako chenye blanketi, na wewe sitakupiga kwa ubapa.

Yaya wako anayekupenda,
Pascaline